KUFUMA NYOTA YA UZI

Ukiingia katika nyumba nyingi za Tanzania utaona vitambaa vya kufuma. Vimewekwa juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio na televisheni. Vitambaa hivi vimefumwa kwa mkono. Vifaa vyake ni viwili tu: uzi, na sindano yenye kulabu kwenye ncha. Sindano hiyo huitwa kroshia. Neno hili lina asili yake katika lugha ya Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wakiiona watasema ni ndugu yake ndoano.

Watu wengi wanaofuma walijifunza kwa kutazama. Mtu alikaa karibu na dada yake au jirani yake, akatazama mikono, akaiga. Njia hiyo ni nzuri. Lakini ina upungufu wake. Anayejua akihama kijiji, wewe umekwama. Akikataa kukuonyesha mtindo mpya, umekwama pia. Ninyi mliokwisha kujua kusoma na kuhesabu mna njia ya pili. Mnaweza kufuma kwa kufuata maandishi. Mnaweza pia kuuandika mtindo katika daftari, ukakaa humo hata miaka ishirini.

Katika somo hili tutafuma nyota yenye ncha 5. Ni pambo dogo, linatosha kwenye kiganja cha mkono. Makanisa na nyumba hupambwa kwa nyota wakati wa Krismasi. Nyota nyingi zikiungwa pamoja zinakuwa kitambaa cha meza, au urembo wa pindo la pazia.

Tunaanza na nyota kwa sababu haili uzi mwingi, na inakwisha kwa mara moja. Wako watu wanaoanza na kitambaa cha meza nzima. Wengi wao huchoka kabla ya kufika nusu, na kazi yao hulala sandukuni. Nyota ikiharibika unaifumua, uzi unarudi ulivyokuwa, unaanza tena. Hakuna hasara.

Na kazi hii si ya wanawake peke yao. Mafundi cherehani wengi ni wanaume, wala hakuna anayewacheka.

VIFAA

Kroshia huuzwa katika maduka ya vifaa vya kushonea mjini, kama Kasulu na Kibondo. Ziko nene na nyembamba. Kwa nyota yetu inafaa ile yenye unene wa milimita 2 hivi. Unene huo ni kama wa spoki ya baiskeli. Kwa hiyo, ukiikosa dukani, mwombe fundi wa baiskeli spoki iliyovunjika. Kata kipande chenye urefu wa kiganja chako, pamoja na vidole. Kwa tupa, chonga mkato mdogo wa kulala karibu na ncha, upate kulabu. Kisha isugue juu ya jiwe laini mpaka iteleze. Ipitishe juu ya kitambaa cha khanga. Ikikwama, bado ina makali. Isugue tena. Kroshia yenye makali hukata uzi na kumkasirisha mfumaji.

Uzi unaofaa ni wa pamba, uliosokotwa vizuri, usio na vinyweleo. Uzi wa sufi unavutika na nyota yake hulegea. Kwa kujifunza, usinunue kitu. Tumia uzi ulioshonea mdomo wa gunia. Ukifungua gunia vizuri, uzi huo unatoka mzima. Uufunge katika donge. Si mweupe sana, lakini unaonyesha mishono waziwazi, na ndilo jambo linalotakiwa.

Kabla ya kushika uzi mweupe, nawa mikono kwa sabuni. Mikono ya jembe ina magamba yanayonasa uzi. Ipake mafuta kidogo, kisha uipanguse. Usitumie mawese! Mawese hulainisha mikono vizuri, lakini nyota itatoka na rangi ya machungwa. Usifume pia karibu na kibatari, maana masizi yake huingia katika uzi. Fuma mchana, au kwa taa ya sola.

MISHONO MITANO

Kila mwalimu wa kufuma ana majina yake ya mishono. Hapa tutatumia majina mepesi, ili tuelewane. Soma kila mshono polepole, huku umeshika kroshia. Ukisoma bila kushika uzi, maneno haya yatakuchanganya. Mkono ndio utakaoelewa kwanza.

Kitanzi cha kwanza. Zungusha uzi upate duara dogo. Uzi unaotoka kwenye donge uupitishe chini ya duara hilo. Ingiza kroshia katika duara, nasa uzi ulio chini, uvute juu. Kaza. Sasa kuna kitanzi kimoja juu ya kroshia. Kiwe kinateleza, kisibane. Shika kroshia kwa mkono wa kulia kama unavyoshika kalamu. Uzi uupitishe juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Anayetumia shoto abadilishe mikono. Kazi ni ile ile.

Mnyororo. Zungushia uzi juu ya kroshia mara 1. Unase kwa kulabu, uuvute upite ndani ya kitanzi. Umepata jicho 1 la mnyororo. Rudia, upate la 2, la 3, na kuendelea. Fuma mnyororo mrefu kama mkono wako, ufumue, ufume tena. Fanya hivyo mpaka macho yote yalingane ukubwa. Wengi hukaza sana mwanzoni, na kroshia ikakataa kuingia. Legeza mkono.

Mshono wa kuunga. Ingiza kroshia mahali unapotaka kuunga. Nasa uzi, uuvute upite mahali hapo na upite pia katika kitanzi kilicho juu ya kroshia, kwa mvuto mmoja. Mshono huu hauna kimo. Kazi yake ni kufunga tu.

Mshono mfupi. Ingiza kroshia katika jicho. Nasa uzi, uuvute. Sasa kuna vitanzi 2 juu ya kroshia. Nasa uzi tena, uuvute upite katika vyote 2. Kimebaki 1.

Mshono wa kati. Kwanza zungushia uzi juu ya kroshia mara 1. Kisha ingiza kroshia katika jicho, nasa uzi, uuvute. Sasa kuna vitanzi 3. Nasa uzi, uuvute upite katika vyote 3 kwa pamoja. Kimebaki 1.

Mshono mrefu. Huanza kama mshono wa kati. Zungushia uzi mara 1, ingiza kroshia, nasa uzi, uvute. Kuna vitanzi 3. Sasa nasa uzi, upitishe katika vitanzi 2 tu. Vimebaki 2. Nasa uzi tena, upitishe katika hivyo 2. Kimebaki 1.

Ukiitazama mishono hii mitatu ikiwa imesimama pamoja, mfupi, wa kati na mrefu, utaona kama ngazi. Ngazi hiyo ndiyo inayotengeneza ncha ya nyota. Jizoeze kwanza juu ya mnyororo wowote. Kama leo umefika hapa tu, inatosha. Weka kitabu, endelea kesho.

KUFUMA NYOTA

Tengeneza kitanzi cha kwanza. Acha mkia wa uzi wenye urefu wa kidole. Fuma macho 6 ya mnyororo. Ingiza kroshia katika jicho la kwanza kabisa, fuma mshono wa kuunga. Mnyororo umejikunja na kuwa pete ndogo. Katikati yake kuna tundu.

Mzunguko wa kwanza. Fuma macho 3 ya mnyororo. Macho haya 3 yanasimama mahali pa mshono mrefu wa kwanza, kwa hiyo yahesabu kuwa 1. Sasa fuma mishono mirefu 14, yote kwa kuingiza kroshia ndani ya lile tundu la pete. Isogeze mishono iwe karibu karibu, ili yote ipate nafasi. Hesabu: 1 na 14 ni 15. Hesabu tena kwa kidole, mshono mmoja mmoja. Ikiwa ni 15, fuma mshono wa kuunga juu ya jicho la tatu la yale macho 3 ya mwanzo. Umepata duara kama sarafu.

Mzunguko wa pili. Huu ndio wa ncha. Fuma macho 4 ya mnyororo. Sasa unarudi chini ukipita juu ya mnyororo huo huo. Ruka jicho lililo karibu kabisa na kroshia. Katika jicho linalofuata fuma mshono mfupi 1. Katika linalofuata fuma mshono wa kati 1. Katika la mwisho fuma mshono mrefu 1. Umerudi kwenye duara. Ruka mishono 2 ya duara. Katika mshono wa tatu fuma mshono wa kuunga. Hiyo ni ncha ya kwanza.

Fanya vivyo hivyo mara 4 tena. Ncha ya tano ikimalizika, mshono wake wa kuunga utaangukia pale pale ulipoanzia ncha ya kwanza. Kata uzi, ukiacha mkia wa kidole. Upitishe mkia huo katika kitanzi cha mwisho, ukaze. Kwa sindano ya kushonea, ficha mikia yote miwili nyuma ya nyota, ukiipitisha chini ya mishono kadhaa. Usiikate mapema, maana nyota itafumuka ikifuliwa.

KWA NINI 15?

Baadhi ya wanaojifunza huuliza swali hili, na ni swali zuri. Kila ncha inachukua mishono 3 ya duara: inaruka 2, inaungwa katika 1. Tunataka ncha 5. Basi 3 mara 5 ni 15. Ukifuma 14, ncha ya mwisho itakosa nafasi, itabanwa. Ukifuma 16, utabaki mshono mmoja usio na kazi, na nyota itakuwa na pengo upande mmoja.

Sasa unaweza kujitungia mwenyewe. Unataka nyota ya ncha 6? Zidisha 3 mara 6. Utapata 18. Duara kubwa linahitaji pete kubwa, kwa hiyo anza na macho 8 ya mnyororo badala ya 6. Hakuna mtu aliyekuonyesha nyota hiyo. Umeipata kwa hesabu.

Ikiwa duara lako limekunjamana kama jani la kabichi, huenda umefuma mishono mingi mno. Likijikunja kama bakuli, mishono ni michache, au umekaza uzi kupita kiasi. Ncha zikijipinda usihofu. Hiyo ni tabia ya nyota hii, kwa sababu upande mmoja wa ncha ni mnyororo na upande wa pili ni mishono. Dawa yake ni wanga, tutaieleza mbele.

KUUANDIKA MTINDO

Maelezo ya nyota yetu yamechukua karibu ukurasa mzima. Wafumaji wanaojua kusoma huyafupisha. Andika hivi katika daftari lako:

Mny 6, unga.
Mz 1: refu 15, unga.
Mz 2: (mny 4, ruka jicho 1, fupi 1, kati 1, refu 1, ruka mishono 2, unga) mara 5.

"Mny" ni mnyororo. "Mz" ni mzunguko. Mabano yana maana kwamba kila kilichomo ndani kirudiwe. Nje ya mabano imeandikwa kitarudiwa mara ngapi. Kwa hiyo mistari mitatu inabeba nyota nzima.

Vitabu vya mitindo ya kroshia vilianza kuenea Ulaya katika miaka ya 1840. Kabla ya hapo watu waliigana kwa macho, kama tunavyofanya hapa kwetu. Mara baada ya hapo, mwaka 1845, ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi mviringo nchini Ireland. Viazi vilikuwa chakula kikuu cha maskini wa nchi ile, kama muhogo ulivyo kwa wengi wetu katika Kasulu na Kibondo. Viazi vilioza ardhini. Njaa ilidumu miaka kadhaa, na watu wapatao milioni 1 walikufa. Wengine kwa mamia ya maelfu walihama nchi. Wakati ule watawa katika mji wa Cork na sehemu nyingine waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma kwa kroshia. Vitambaa vyao viliuzwa mbali, hata nje ya nchi, na fedha zile zilinunua chakula.

Mkulima wa Rungwe Mpya anaielewa habari hii bila kuelezwa sana. Anajua batobato ikiingia katika muhogo nyumba inakuwaje. Lakini habari ya Ireland ina upande wa pili. Mitindo ya nguo ilipobadilika huko ng'ambo, biashara ile ilififia. Kwa hiyo kroshia iwe msaidizi wa jembe. Isiwe mahali pa jembe.

KUTIA WANGA

Nyota iliyotoka mkononi ni laini. Ukiitundika inalala kama jani lililokauka. Itiwe wanga, isimame.

Wanga si lazima ununue. Menya muhogo, uuoshe, uukune. Changanya na maji mengi, ukamue kwa kitambaa safi. Acha maji yale yatulie kwa saa chache. Chini utaona unga mweupe umeganda. Mwaga maji ya juu. Ukiwa umetumia muhogo mchungu, maji hayo yana sumu. Yamwage mbali, mbuzi na kuku wasiyanywe. Anika ule unga mweupe. Huo ndio wanga.

Chukua vijiko 2 vikubwa vya wanga. Uukoroge kwanza katika maji baridi kidogo, usifanye mabonge. Ongeza maji mpaka yatimie kikombe 1. Pika huku ukikoroga, mpaka uji ubadilike kutoka weupe wa maziwa na kuwa kama kioo. Epua, upoe kiasi cha kuvumilika mkononi. Chovya nyota, uiminye ili uji uingie kila mahali, kisha utoe uji uliozidi. Wengine hutumia maji ya sukari. Yanakausha vizuri, lakini sisimizi watakuwa wateja wako wa kwanza.

Sasa kuna kazi ya kuinyosha. Chora nyota moja nzuri katika karatasi. Iweke karatasi juu ya boksi gumu, uifunike kwa nailoni. Tandaza nyota yako juu ya ile picha, vuta kila ncha mpaka ilingane na mchoro. Ichomeke kila ncha kwa mwiba. Miiba ya mlimau au mchungwa inafaa sana. Misumari na pini za zamani huacha alama ya kutu katika uzi mweupe, na kutu haitoki. Acha nyota ikauke kabisa, nusu siku au zaidi. Ikikauka inakuwa ngumu kama karatasi nene. Pitisha uzi katika ncha moja, ufunge kitanzi cha kutundikia.

WAKATI WA KUFUMA

Nyota zinatafutwa mwezi wa Desemba. Lakini katika nyanda zetu, Novemba na Desemba ni miezi ya mvua na palizi. Hakuna mkulima mwenye nafasi ya kukaa na uzi. Kwa hiyo nyota za Krismasi zifumwe kiangazi, Juni hadi Septemba, mavuno yakiwa yameingia ghalani. Zihifadhi katika kopo lenye kifuniko, bila wanga. Hili ni muhimu. Nyota yenye wanga ni chakula. Mende na panya wataila, na unyevu wa masika utaiotesha kuvu. Tia wanga wiki mbili au tatu kabla ya kuuza, siku ya jua. Mvua ikizidi, zikaushe ndani ya nyumba, mbali na moshi.

HESABU YA BEI

Hapa ndipo wafumaji wengi hupoteza jasho lao. Wanajua kufuma, lakini hawajui nyota moja imewagharimu kiasi gani. Mnunuzi akitaja bei, wanaitikia.

Kwanza ujue nyota moja inakula uzi kiasi gani. Fuma nyota, kisha uifumue. Nyosha uzi wake, uupime kwa pima, yaani kwa mikono miwili iliyonyooshwa. Tuseme umepata pima 1 na nusu. Tuseme pia donge zima la uzi lina pima 120. Gawanya 120 kwa 1 na nusu. Donge moja linatoa nyota 80.

Bei tutakazotaja sasa ni za mfano. Wewe weka bei za kwenu. Tuseme donge ni shilingi 4,000. Gawanya kwa 80. Uzi wa nyota moja ni shilingi 50. Mfumaji mmoja akaishia hapo. Akatokea mchuuzi, akamwambia, "Mama, nitachukua zote 80 kwa shilingi 100 kila moja." Mama akaona amepata maradufu. Akapokea shilingi 8,000, akafurahi.

Lakini alisahau nauli. Alikwenda mjini kununua uzi, akarudi, kwa shilingi 6,000. Uzi 4,000 na nauli 6,000 ni 10,000. Alipokea 8,000. Kwa hiyo amempa mchuuzi nyota 80, na juu yake amemwongezea shilingi 2,000 za mfukoni mwake. Bado hatujahesabu kuni za kupikia wanga, wala siku alizokaa akifuma.

Angeuza kila nyota kwa shilingi 300, angepata 24,000. Toa 10,000. Inabaki 14,000. Hiyo ndiyo malipo ya mikono yake. Ikiwa anafuma nyota 4 kwa saa, nyota 80 zimemchukua saa 20. Gawanya 14,000 kwa 20. Amelipwa shilingi 700 kwa saa. Aamue mwenyewe kama zinamtosha.

Sasa tuseme wako watatu. Mmoja anatumwa mjini kwa nauli ile ile ya 6,000, ananunua madonge 3 kwa shilingi 12,000. Gharama yote ni 18,000. Nyota ni 240. Gawanya: nyota moja imegharimu shilingi 75. Yule aliyekuwa peke yake, nyota moja ilimgharimu shilingi 125. Wote watatu wakiuza kwa 300, wanapata 72,000. Wakitoa gharama, zinabaki 54,000. Kila mmoja anachukua 18,000, yaani 4,000 zaidi ya yule wa peke yake. Uzi ni ule ule na kroshia ni ile ile.

Kikundi cha namna hii kiwe na daftari moja. Kila safari ya uzi iandikwe: tarehe, madonge mangapi, bei, nauli. Kila nyota zinazoingia ziandikwe, za nani na ngapi. Ugomvi mwingi wa vikundi huanza pale mtu mmoja anapotunza hesabu kichwani. Mfumaji wa nyota 95 akiambiwa zilikuwa 80, atathibitisha kwa nini?

KUUNGA NYOTA NYINGI

Ukishazoea nyota moja moja, unaweza kuziunga. Panga nyota mbili, ncha kwa ncha. Kwa sindano na uzi ule ule, shona ncha mbili zinazogusana, mara 3 au 4, ufunge nyuma. Nyota za ncha 6 zinapangika vizuri kuliko za ncha 5. Ukiweka nyota moja katikati, unaweza kuizungushia nyota 6, moja kwa kila ncha yake. Kwa nyota 7 umepata kitambaa cha kuweka chini ya chombo cha maua. Nyota za ncha 5 zifae kutundikwa, au kupangwa mstari mmoja kwenye pindo la pazia.

MASWALI

1. Kwa nini macho 3 ya kwanza ya mnyororo yanahesabiwa kuwa mshono 1?
2. Unataka nyota ya ncha 8. Utafuma mishono mirefu mingapi katika mzunguko wa kwanza?
3. Andika kwa kifupi mtindo wa nyota ya ncha 6, kama ulivyoandikwa ule wa ncha 5.
4. Kwa nini nyota zihifadhiwe bila wanga?
5. Ulizia bei ya donge la uzi na nauli kutoka kijijini kwenu. Nyota 80 zitakugharimu kiasi gani? Ukiuza kila moja kwa shilingi 200, utapata faida au hasara?
6. Zungumzeni darasani: ni nani katika kijiji chenu anajua mtindo wa kufuma ambao haujaandikwa popote? Mwombeni afume polepole, mmoja wenu aandike.